Uzi maalumu: Dai la bima ya mbwa na paka linavyolipwa, na kwa nini mengi hukwamia kwenye faili la kliniki

DawatiLaMadai (mleta uzi)

Wadau, habari zenu. Maswali ya bima ya wanyama wa nyumbani yamekuwa mengi na majibu yametawanyika huku na kule, kwa hiyo tuyaweke mahali pamoja.

Jambo la kwanza ambalo mkata bima haambiwi waziwazi: afisa madai haanzi na ankara. Anaanza na faili la mnyama kutoka kliniki, ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho, akitafuta tarehe moja tu, yaani siku ambayo dalili za ugonjwa huu zilionekana kwa mara ya kwanza. Tarehe hiyo ikiangukia kabla bima haijaanza, au ndani ya kipindi cha kusubiri (siku za mwanzo wa bima ambazo bado haifidii), dai linafungwa hapo hapo na ankara haifunguliwi kabisa. Ikiangukia baada ya hapo, ndipo hesabu inaanza.

Jambo la pili: kuna mikataba miwili, na haifahamiani. Mmoja ni kati yako na kliniki, na kwa mkataba huo deni ni lako lote siku mnyama anapotibiwa. Wa pili ni kati yako na kampuni ya bima, ambayo inakurudishia sehemu ya ulichotumia. Kliniki haina wajibu wa kungoja kampuni iamue. Ndiyo maana utaratibu wa kawaida ni kulipa kwanza, kudai baadaye.

Dai linatumwa hivi. Fomu ya madai huwa na sehemu mbili. Yako inataka jina la mnyama, namba ya bima, namba ya chipu ya utambulisho iliyo chini ya ngozi yake (huwa na tarakimu 15, na zote ziwe sawa na zilizo kwenye hati ya bima), tarehe uliyoona dalili, na akaunti ya kulipwa. Ya daktari inataka utambuzi wa ugonjwa, tarehe za matibabu na saini au muhuri. Kampuni nyingi siku hizi zimehamishia haya kwenye programu ya simu, ila wanachotaka ni kile kile. Ambatisha ankara yenye mchanganuo, risiti ya malipo, historia kamili ya matibabu kutoka kila kliniki aliyowahi kupita mnyama, na majibu ya vipimo kama vilifanyika.

Kinachorudishwa nyuma mara nyingi ni vitu vidogo. Ankara iliyoandikwa "matibabu" na jumla tu. Makadirio ya gharama yaliyotumwa kana kwamba ni ankara. Karatasi ya mashine ya kadi bila ankara yenyewe. Ankara moja yenye wanyama wawili, gharama zimechanganywa. Jina la mnyama kwenye ankara tofauti na la kwenye bima. Kila kimoja kati ya hivi kinarudisha dai mwanzo wa foleni.

Tazama pia muda wa mwisho wa kudai. Mikataba mingine inatoa siku 90 tangu matibabu, mingine siku 180, mingine mwaka mzima. Ukipita, hata dai lisilo na kasoro halilipwi.

PakaWatatu

Asante mkuu kwa kuanzisha. Kwenye hesabu ndipo wengi tunapotea. Mtu anaambiwa bima inalipa asilimia 80, halafu inaingia pesa ndogo kuliko hiyo 80. Inakuwaje?

DawatiLaMadai

Makato yako ngazi tatu, na mpangilio wake una maana kubwa.

Chukua ankara ya 10,000. Ndani yake kuna chanjo 500, chakula 300, kukata kucha 200. Hivyo ni huduma za kawaida, havifidiwi isipokuwa umelipia nyongeza ya huduma za kinga. Kinachobaki kwenye dai ni 9,000.

Kisha kuna eksesi, kile kiasi unachobeba mwenyewe kabla kampuni haijachangia. Tuseme ni 1,000. Kinabaki 8,000. Asilimia 80 ya hapo ni 6,400. Hiyo ndiyo utakayolipwa, wewe unabeba 3,600.

Sasa, kampuni nyingine zinageuza: zinapiga asilimia kwanza, eksesi baadaye. 9,000 mara asilimia 80 ni 7,200, toa 1,000, unapata 6,200. Ankara ile ile, masharti yanayofanana kwa jina, tofauti 200. Soma kwenye mkataba sehemu inayoeleza jinsi fidia inavyokokotolewa kabla hujalinganisha kampuni mbili kwa bei ya ada peke yake.

Halafu eksesi yenyewe ina aina mbili kubwa. Ya mwaka unaibeba mara moja ndani ya mwaka wa bima bila kujali magonjwa ni mangapi. Ya kila ugonjwa unaibeba upya kila tatizo jipya linapoingia. Mnyama mwenye ugonjwa mmoja sugu ananufaika na ya kila ugonjwa ikiwa mkataba unasema inalipwa mara moja kwa maisha yake yote. Mnyama wa ajali ndogondogo, leo kidole, kesho jicho, ananufaika na ya mwaka.

MhasibuKliniki

Naongeza kitu hapo kwenye eksesi ya mwaka. Watu hawatumi bili ndogo kwa sababu "haifiki eksesi". Tumeni! Bili ya 600 haitakulipa chochote, lakini inakula 600 kwenye ile 1,000. Ikija bili ya 2,400 baadaye, umebakiwa na eksesi ya 400 tu, kwa hiyo asilimia 80 inapigwa kwenye 2,000 na unapata 1,600. Usipotuma ile ya kwanza, asilimia inapigwa kwenye 1,400 na unapata 1,120. Umepoteza 480 kwa kuona uvivu wa fomu moja.

Na mkipewa punguzo kliniki, dai linahesabiwa kwa kiasi mlicholipa baada ya punguzo. Msiiombe kliniki iandike bei kamili. Huo ni udanganyifu wa bima, unaweza kufuta bima yote na kuiingiza kliniki matatani.

Simba_Mweusi

Kuna hii ya kampuni kuilipa kliniki moja kwa moja. Nani anaamua? Maana mtu mwenye dharura usiku hana pesa yote mkononi.

MhasibuKliniki

Lazima pande zote tatu zikubali: mkataba wako uruhusu, kampuni ithibitishe, kliniki iwe tayari kupokea. Kliniki nyingi hukataa kwa sababu moja ya msingi: dai likikataliwa baada ya mnyama kuruhusiwa kwenda nyumbani, kliniki ndiyo inayobaki ikimfukuzia mteja. Zile zinazokubali hukuomba usaini karatasi kwamba kisicholipwa na kampuni utakilipa wewe ndani ya siku kadhaa. Hata hapo, sehemu yako (eksesi, asilimia yako na visivyofidiwa) inalipwa mapokezi kabla mnyama hajatoka. Kwa mfano wa mleta uzi, kliniki ingengoja 6,400 kutoka kampuni na wewe ungetoa 3,600 palepale.

Kuna mifumo ambapo kompyuta ya kliniki imeunganishwa na ya kampuni, na jibu linakuja mnyama akiwa bado hapo. Hiyo ndiyo bora kuliko zote, ila inafanya kazi vizuri pale tu historia ya mnyama imeshatumwa na kukaguliwa mapema. Kama kampuni haijawahi kuona faili lake, mfumo unasimama ukisubiri faili.

Usiku na siku za mapumziko ofisi nyingi za madai zimefungwa, kwa hiyo hakuna wa kuthibitisha. Kliniki ya dharura itaomba malipo ya awali, mara nyingi kile kiasi cha chini kwenye makadirio ya gharama. Jipangeni kwa hilo hata kama bima mnayo. Ulizeni kliniki yenu mapema, mnyama akiwa mzima: mnapokea malipo kutoka kampuni gani, mnakubali awamu, mnadai malipo ya awali kiasi gani. Mnyama akiwa mezani anahema kwa shida si wakati wa kuuliza.

TabibuWanyama

Salaam. Naandika kutoka upande wa chumba cha daktari, kwa sababu alichosema mleta uzi kuhusu faili ni kweli tupu na sisi madaktari tunachangia matatizo.

Daktari anaandika haraka. Mbwa ameletwa kwa chanjo, mwenye mbwa anataja kwa kupita kwamba "juzi alichechemea kidogo." Daktari anaandika: *Anachechemea mguu wa nyuma kulia, imeanza karibu mwezi.* Hakuna uchunguzi, hakuna dawa. Miezi 5 baadaye ligamenti ya goti (kamba inayoshikilia mifupa ya goti) inakatika, operesheni kubwa inahitajika, na mstari ule mmoja unasomwa kama mwanzo wa ugonjwa. Bima ilianza wiki mbili baada ya mstari huo. Dai limekwisha.

Sisemi mfiche dalili. Kuficha kunamwumiza mnyama kwanza na kunafuta bima baadaye. Nasema mambo matatu. Elezeni kwa usahihi: lini hasa, mguu upi, muda gani, kiliishaje. Ombeni daktari aandike na matokeo pia, siyo malalamiko tu. Faili lenye "kucha ilipasuka, imekatwa, baada ya siku 3 anatembea kawaida, goti limepimwa halilegei" linamlinda mnyama, wakati lenye "anachechemea" peke yake linabaki jeraha lililo wazi. La tatu, ombeni nakala ya faili baada ya kila ziara nzito na msome. Kosa kama mguu wa kulia kuandikwa wa kushoto linarekebishika wiki hiyo hiyo, daktari anaongeza maelezo yenye tarehe. Baada ya dai kukataliwa, rekebisho lile lile linaonekana la kutengenezwa.

Nyota_ya_Asubuhi

Daktari, hapo kwenye mguu wa kulia na kushoto. Kuna kampuni zinasema mguu mmoja ukiwa na tatizo kabla ya bima, hata mwingine haufidiwi. Ni halali hiyo?

TabibuWanyama

Ipo kwenye mikataba mingi, inaitwa sharti la viungo vya pande mbili. Sababu yake ya kitabibu ipo: mbwa aliyekatika ligamenti ya goti moja ana uwezekano mkubwa wa kukatika na la pili, kwa kuwa tatizo lenyewe mara nyingi ni uchakavu wa ligamenti pande zote, halafu uzito unahamia mguu uliobaki. Nyonga zenye kasoro za kuzaliwa, macho na masikio huingizwa humo pia.

Ninachoona si haki ni kulitumia sharti hilo kwenye ajali. Mguu wa kushoto uliovunjwa na gari hauna uhusiano na goti la kulia lililochakaa. Ikitokea hivyo, daktari aandike barua fupi inayotenganisha chanzo cha kila tatizo, picha za eksirei ziambatishwe.

DawatiLaMadai

Naunga mkono. Na kwa ligamenti angalieni kipindi cha kusubiri. Ajali huweza kuanza kufidiwa siku ile ile au baada ya siku chache, magonjwa mara nyingi ni siku 14 hadi 30, ila goti kwenye baadhi ya mikataba ni hadi miezi 6. Marekani, sheria ya mfano iliyopitishwa na chama cha wasimamizi wa bima wa majimbo (NAIC) mwaka 2022 inazuia kipindi cha kusubiri kwa ajali, na kwa magonjwa na matatizo ya mifupa yasiyotokana na ajali inaweka ukomo wa siku 30. Sheria hiyo hiyo inasema kampuni ndiyo yenye mzigo wa kuthibitisha kwamba ugonjwa ulikuwepo kabla. Inafanya kazi kwenye majimbo yaliyoipitisha tu. Lakini hata mahali pasipo na sheria kama hiyo, swali ni zuri kuwauliza: mnathibitishaje kwamba ulikuwepo?

PakaWatatu

Na magonjwa sugu? Kisukari, figo, mzio wa ngozi. Kila mwezi dawa, kila miezi kadhaa damu.

DawatiLaMadai

Hapa aina ya bima ndiyo kila kitu, na ndipo wanaponunua kwa bei nafuu wanapoumia.

Soko la Uingereza limezigawa wazi, na mgawanyo huo unasaidia kusoma mkataba wowote. Ya ajali peke yake haigusi ugonjwa hata mmoja. Ya muda hulipa kila ugonjwa kwa miezi 12, kisha ugonjwa huo unatoka kwenye bima. Ya ukomo kwa kila ugonjwa hulipa hadi kiasi fulani kiishe, hata kikichukua miaka, kikiisha basi. Ya maisha ina ukomo wa mwaka unaojazwa upya kila unapohuisha, mradi hujaacha pengo. Paka mwenye kisukari kwenye bima ya muda atatibiwa kwa fidia mwaka wa kwanza, na kuanzia mwezi wa 13 insulini yote ni juu yako, wakati ni vigumu kupata kampuni nyingine itakayompokea na ugonjwa huo.

Kwa hiyo msihame kampuni kwa ajili ya ada mnyama akishaugua kitu cha kudumu. Kila kilichokuwa kinafidiwa kinageuka kuwa ugonjwa wa kabla ya bima kule mnakokwenda. Kuchelewa kuhuisha nako ni hatari, maana siku chache za pengo zinatosha kuanzisha upya vipindi vya kusubiri. Wekeni malipo ya ada yajikate yenyewe, na kadi ya benki ikibadilika, taarifuni siku hiyo hiyo.

Kudai: dai la kwanza ni fomu kamili, yanayofuata ni dai la mwendelezo, fupi zaidi, linatumia namba ya dai la kwanza. Kusanyeni ankara za miezi miwili mitatu mtume kwa pamoja, bila kupita muda wa mwisho. Na daktari atumie jina lile lile la ugonjwa kila mara. Leo "muwasho", kesho "mzio", keshokutwa "maambukizi ya ngozi": mfumo unaweza kufungua magonjwa matatu na kukata eksesi tatu.

TabibuWanyama

Hilo la majina ni muhimu mno. Pia dawa mkinunua nje ya kliniki, wekeni cheti cha daktari pamoja na risiti ya duka la dawa. Risiti peke yake haionyeshi dawa iliandikwa kwa mnyama yupi na kwa ugonjwa gani.

Na meno, jamani. Meno yaliyovunjika kwa ajali hufidiwa mara nyingi, ugonjwa wa fizi mara nyingi haufidiwi, au unafidiwa kwa sharti kwamba alikaguliwa meno kila mwaka na lililopendekezwa likafanyika. Daktari akiandika "apigwe usafi wa meno ndani ya miezi 3" na hamkurudi, mstari huo utatumika dhidi yenu.

Simba_Mweusi

Operesheni iliyopangwa, si dharura. Tunaweza kujua mapema kama italipwa?

DawatiLaMadai

Ndiyo, ombeni idhini ya awali. Kliniki inatuma makadirio yenye mchanganuo, namba ya chini na ya juu, pamoja na faili na picha. Kampuni inajibu kwa maandishi. Someni maneno ya jibu kwa makini. "Ugonjwa huu unakubalika chini ya bima" ni jambo moja. "Tutalipa hadi kiasi hiki" ni jambo lingine. La kwanza halikuhakikishii kiasi, na hata la pili linabaki chini ya ukomo wa mwaka uliobaki na bima kuwa hai siku ya operesheni. Mkitumwa kwa daktari bingwa, ulizeni pia kama kampuni ina orodha ya hospitali zake. Baadhi hukata sehemu ya fidia ukienda nje ya orodha.

Daktari akifungua akakuta tatizo lingine, gharama ikavuka makadirio, kliniki iandike ripoti ya operesheni yenye sababu. Bila ripoti hiyo, ziada ndiyo inayohojiwa.

Nyota_ya_Asubuhi

Likikataliwa tunaanzia wapi?

DawatiLaMadai

Anzeni na barua ya kukataa. Inapaswa kutaja kifungu cha mkataba. Kama inasema tu "ugonjwa wa kabla ya bima", andikeni mkiomba vitu viwili: kifungu, na mstari wa faili waliouegemea pamoja na tarehe yake. Mara nyingi jibu lote liko kwenye mstari huo mmoja.

Mkishaupata, mpelekeeni daktari aliyeuandika, siyo aliyefanya operesheni. Yeye ndiye anayeweza kueleza alichoona siku ile. Barua ya maana ni fupi: tarehe, alichokipima, alichokikuta, kwa nini si ugonjwa huu. Kutapika mara moja kwa sababu ya kula takataka si mwanzo wa ugonjwa wa utumbo uliogundulika mwaka mmoja baadaye, na daktari akisema hivyo kwa vipimo, mkaguzi analazimika kujibu kwa vipimo. Barua ya huruma, "mteja wetu mwaminifu, tafadhali mfikirieni", haibadilishi kitu.

Baada ya hapo ni rufaa ya ndani, ambayo inapaswa kusomwa na mtu mwingine. Ikishindikana, malalamiko rasmi, kisha chombo cha nje kinachosimamia bima. Uingereza, kampuni ina wiki 8 kutoa jibu la mwisho la malalamiko, na ukishalipata una miezi 6 kulifikisha kwa msuluhishi wa huduma za fedha, bure kwa mlalamikaji. Popote mlipo, jibu la mwisho la kampuni liwe kwa maandishi, maana msimamizi atalitaka kwanza.

MhasibuKliniki

Wakati rufaa inaendelea, deni la kliniki linaendelea pia. Msinyamaze. Njooni mapema, tuandikiane awamu zenye tarehe na kiasi. Kliniki inayojua mnafuatilia inangoja kwa subira kuliko ile isiyopokelewa simu. Na mkiona makadirio ni mazito tangu mwanzo, semeni kabla ya matibabu. Daktari anaweza kupanga vipimo kwa hatua, kile kinachobadilisha uamuzi kwanza, vingine baadaye. Paka dume aliyeziba mkojo hawezi kungoja, lakini uvimbe mdogo wa ngozi mara nyingi unaweza kuanza na kipimo cha sindano kabla ya kuzungumzia upasuaji.

PakaWatatu

Swali la mwisho kwangu: ugonjwa uliopona kabisa unahesabika milele kuwa wa kabla ya bima?

TabibuWanyama

Si kila kampuni. Baadhi hutenganisha unaoponeka na usioponeka. Maambukizi ya sikio, kuhara, UTI, yakikaa bila dalili wala matibabu kwa muda waliouweka, mara nyingi siku 180 au miezi 12, yanarudishwa kwenye fidia. Kisukari, mzio, ligamenti havirudi. Kwa yanayoponeka, siku inayohesabika ni ile iliyoandikwa kwenye faili. Mrudisheni mnyama akaguliwe baada ya dawa kuisha, na muombe iandikwe: amepona, hana dalili, dawa imesitishwa tarehe fulani. Hiyo ziara fupi ndiyo watu wanaoiruka, halafu faili linabaki limeishia kwenye "aendelee na matone mara mbili kwa siku", na kampuni inahesabu kwamba hakuwahi kupona.